Kulala vilevile kila siku: mkao wa mgonjwa anayepigwa mionzi ya titi

Mgonjwa wa saratani ya titi anayeingia chumba cha mionzi kwa mara ya kwanza hutarajia mashine kubwa, kelele, pengine na maumivu. Anachokutana nacho kwanza ni ubao ulioinuliwa upande wa kichwa, vishikizo viwili vya mikono, na sauti inayomwambia, "Mama, lala chali, inua mikono yote miwili juu ya kichwa, halafu ulegee." Kisha watu wawili huanza kumsogeza kidogo kidogo huku wakisomeana namba. Dakika 10 zinaweza kupita namna hiyo. Mionzi yenyewe ikija huchukua dakika chache tu, haionekani wala haisikiki mwilini. Wengi hutoka wakijiuliza: ile kazi yote ya kunilaza ilikuwa ya nini?

Jibu fupi ni kwamba mashine haijui titi liko wapi. Tumezoea kusema mtu "anachomwa mionzi", na neno hilo hutufanya tuufikirie moto tukaisahau shabaha. Katika tiba hii moto ndio sehemu rahisi. Mashine ya kisasa hutoa kile ilichoagizwa, pale ilipoagizwa. Kinachoyumba ni mwili: unapumua, unakakamaa kwa woga, unavimba, unapungua, bega linauma leo na kesho limepoa. Mpango huchorwa kwenye kompyuta, tiba hupewa mtu aliye hai, na kinachoviunganisha viwili hivyo ni mkao. Mkao ulio bora, kwa maoni yangu, ni ule ambao mwili wa mgonjwa huyu unaweza kuurudia kesho na keshokutwa bila kujilazimisha, hata kama kwenye picha hauonekani kuwa umenyooka kuliko mingine.

Inafaa kwanza kukumbuka kinachotafutwa. Mwaka 2011 ulitolewa uchambuzi uliounganisha majaribio 17 yenye wanawake 10,801 waliokuwa wamefanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe na kuacha titi. Miongoni mwa waliopata upasuaji peke yake, 35 kati ya 100 walirudiwa na saratani ndani ya miaka 10. Waliopigwa mionzi baada ya upasuaji, idadi ilishuka hadi 19. Faida hiyo ni kubwa, na inatokana na kufikisha dozi kwenye titi lote lililobaki, kila pembe yake. Ila titi limekaa juu ya mbavu, mbavu zimefunika pafu, na nyuma ya mbavu za kushoto kuna moyo. Hapo ndipo mkao unapoanza kuwa na maana.

Nukta iliyo hewani

Mashine inayotumika zaidi leo huitwa linaki. Kichwa chake huzunguka kitanda, na popote kilipo, mionzi yake huelekea nukta moja ileile iliyo hewani, sentimita 100 kutoka kwenye chanzo. Kwa kuwa nukta hiyo haionekani, chumba hufungwa taa za leza, moja kila upande na moja juu kwenye dari. Pale mistari ya mwanga inapokutana ndipo nukta ilipo. Kazi ya wataalamu wa mionzi ni kukisogeza kitanda, pamoja na mtu aliye juu yake, mpaka sehemu iliyopangwa ya kifua ikae sawasawa hapo.

Ilipangwa lini? Siku kadhaa kabla, katika kikao ambacho wagonjwa wengi hukichukulia kama kipimo kingine tu. Mgonjwa hulazwa kwenye mashine ya CT juu ya ubao wa namna ileile atakayolalia siku zote za tiba, na kifua chake hupigwa picha za vipande vyembamba, kwa kawaida vya milimita 2 au 3. Picha hizi hazitafuti ugonjwa. Ni ramani. Daktari huchora juu yake eneo la kutibiwa, kisha moyo na mapafu yanayopaswa kukwepwa. Mwanafizikia wa tiba na wenzake hupanga mionzi iingie kwa pembe ipi na kwa nguvu gani.

Kabla mgonjwa hajashuka, ngozi yake hutiwa alama. Mara nyingi ni nukta tatu za wino, kila moja kama kichwa cha pini: moja katikati ya kifua na moja kila ubavu. Nukta za kuchanjwa kwa sindano ni za kudumu, kwa hiyo mtu ana haki ya kuelezwa na kukubali kabla sindano haijagusa ngozi. Pamoja na alama, kila kitu huandikwa: ubao uliinuliwa kiasi gani, kishikizo cha mkono kilichomekwa tundu la ngapi, mto wa magoti ulikaa wapi, kichwa kiligeukia upande gani.

Kuna jambo moja hapa ambalo halizungumzwi vya kutosha. Nukta nyeusi kwenye ngozi nyeusi hupotea. Inaweza kufanana na kipele au doa la asili, na mtaalamu akaishia kuitafuta kwa tochi. Mgonjwa mwenye ngozi hiyo afanye vyema kukumbuka mwenyewe nukta zake ziko wapi na kuwaonyesha wahudumu. Vipo vituo vinavyochora alama kwa kalamu na kuzifunika kwa plasta angavu, na vipo vinavyotumia kamera zinazosoma umbo zima la kifua na kulilinganisha na umbo la siku ya ramani, bila kuhitaji wino wowote. Kwa mtu ambaye hataki kubeba alama ya ugonjwa maisha yake yote, kamera hizo ni heri kubwa.

Kosa la siku moja na kosa la kila siku

Hakuna anayelala vilevile kabisa mara mbili. Leo kifua kitakuwa milimita 3 kushoto, kesho milimita 2 kulia. Makosa ya aina hii hutawanyika, na mwisho wa tiba hulifanya eneo lililopata dozi liwe na kingo zilizofifia kidogo, basi. Lakini lipo kosa la aina ya pili, na hilo ndilo la kuogopa.

Fikiria mgonjwa siku ya ramani. Ana hofu, mabega ameyapandisha, misuli ya kifua imekaza, anapumua juu juu. Picha zinachukuliwa hivyo. Wiki moja baadaye ameshazoea: anaingia, analala, analegea, kifua kinashuka na mabega yanatulia. Sasa mwili wa kweli umetofautiana na mwili uliochorwa, na umetofautiana kwa upande uleule kila siku. Kosa hili halitawanyiki. Linajirudia mpaka siku ya mwisho.

Mwaka 2000 Marcel van Herk na wenzake wa Amsterdam walitoa hesabu ambayo bado inatumika kupima ukubwa wa ukingo wa tahadhari unaopaswa kuongezwa kuzunguka eneo la kutibiwa. Kosa linalojirudia huzidishwa kwa 2.5. Kosa linalotawanyika huzidishwa kwa 0.7 tu. Yaani milimita moja ya kosa la kudumu inagharimu zaidi ya mara tatu ya milimita moja ya kosa la kupita. Na kila milimita inayoongezwa kwenye ukingo ni milimita ya pafu, mbavu au moyo iliyoingizwa kwenye mionzi bila kuhitajika.

Ndiyo maana nasisitiza kikao cha ramani kuliko kingine chochote. Bega likiuma siku hiyo, sema siku hiyo. Usivumilie kwa heshima. Watu wengi, hasa akina mama waliolelewa kutomsumbua mganga, hunyamaza wakidhani ni dakika chache tu. Wanasahau kwamba wanajifunga kuurudia mkao huo mara 5, mara 15, au mara 25. Mkono uliovumilia siku ya kwanza utaanza kushuka wenyewe siku ya sita, kwapa litajikunja, na ngozi ya kifua itavutika pamoja na alama zake.

Hizo namba za vikao nazo zina uzito wake. Kwa miaka mingi dozi ya kawaida ilikuwa grei 50 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) iliyogawanywa mara 25, wiki tano. Baadaye majaribio ya Uingereza na Kanada yakaonyesha kwamba kwa wagonjwa wengi wiki tatu hivi zinatosha, kwa mfano grei 40 kwa mara 15. Mwaka 2020 jaribio la Uingereza la FAST-Forward likatoa matokeo ya grei 26 kwa mara 5, wiki moja tu, na baada ya miaka 5 udhibiti wa ugonjwa haukuwa duni kuliko ule wa wiki tatu. Ni nafuu kubwa kwa mtu anayesafiri kwenda hospitali. Lakini tazama upande wa mkao. Katika vikao 25, siku moja ya kulala vibaya ni sehemu moja ya 25. Katika vikao 5, ni sehemu ya tano ya tiba nzima. Kadiri vikao vinavyopungua, ndivyo kila kulala kunavyozidi kuwa na thamani.

Kwa nini mikono juu

Mionzi ya titi haipigwi moja kwa moja kutoka juu kwenda mgongoni, kwa sababu ingepenya pafu lote na moyo. Hupita ubavuni, kwa mshazari, ikiambaa na mviringo wa kifua. Mfano ulio karibu ni randa ya seremala: haichimbi ubao, inaparuza uso wake. Miale miwili hutumwa kwa njia hiyo, mmoja kutoka upande wa kidari na mwingine kutoka upande wa kwapa, ikielekeana. Titi lote hubaki katikati yake, na pafu huguswa ukanda mwembamba tu.

Mkono ulioachwa ubavuni ungekuwa katikati ya njia ya mwale wa pili. Kwa hiyo lazima uondoke, na pa kwenda ni juu. Kuinua mkono hunyoosha pia ngozi ya kwapani na kupunguza mikunjo. Kwa nini yote miwili, wakati titi linalotibiwa ni moja? Kwa sababu mikono miwili ikiwa juu mwili hutulia sawasawa pande zote. Mmoja ukiwa juu na mwingine chini, kiwiliwili hupinda kidogo, na kukirudisha kwenye upindo uleule kila siku ni kazi ngumu.

Ubao nao una sababu yake ya kuinuka upande wa kichwa. Kifua cha mtu aliyelala chali bapa hakiko sambamba na sakafu: kidari chake huteremka kuelekea shingoni, na titi hufuata mteremko huo likapanda kuelekea mtulinga. Ukiinua ubao kwa nyuzi chache, kidari husawazika na titi hurudi mahali pake. Ukiuinua mno, matatizo mengine huanza. Titi zito huporomoka kuelekea tumboni na kutengeneza mkunjo mzito chini yake, mgonjwa huteleza kitandani, na viwiko vyake hugonga ukingo wa tundu la mashine ya CT, ambalo kwa kawaida lina upana wa sentimita 70 hadi 85. Pembe ya ubao ni suluhu baina ya mambo haya matatu. Mto wa chini ya magoti na kizuizi cha makalio vipo kuzuia kule kuteleza. Wagonjwa huviona kama vya kustarehesha tu, na kweli vinastarehesha, lakini kazi yake ya kwanza ni kumshikilia mtu mahali alipowekwa.

Ikiwa tezi za juu ya mtulinga nazo zinatibiwa, kichwa hugeuzwa upande wa pili ili kidevu kisiingie njiani. Wengine hulazwa kwenye mfuko uliojaa punje ndogo ambao hufyonzwa hewa ukakauka kwa umbo la mgongo na mikono yao. Unakuwa kama kitanda cha mgonjwa huyo mwenyewe, hautumiwi na mwingine mpaka amalize.

Yote haya yanadai bega linalokubali. Na bega la mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa kwapa mara nyingi halikubali. Kovu huvuta. Wengine hupata nyuzi ngumu chini ya ngozi, mithili ya kamba zilizokazwa kutoka kwapani kuteremka mkononi, na kila wakiinua mkono huhisi zinakatika. Hali hiyo inatibika kwa mazoezi na msaada wa mtaalamu wa viungo, lakini inahitaji wiki, wala haiponi asubuhi ya siku ya ramani. Kwa hiyo mazoezi ya bega anayopewa mgonjwa baada ya upasuaji ni sehemu ya maandalizi ya mionzi, hata kama aliyempa hakulisema hivyo. Jaribio la nyumbani ni rahisi: lala chali kwenye godoro, inua mikono yote juu ya kichwa, hesabu dakika 15. Ukishindwa, mwambie daktari kabla ya tarehe ya ramani, si baada yake.

Moyo na pumzi

Kwa titi la kushoto kuna hesabu ya ziada. Mwaka 2013 Sarah Darby wa Oxford na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanawake 2,168 waliopigwa mionzi ya titi huko Sweden na Denmark kati ya 1958 na 2001. Waligundua kwamba hatari ya matukio makubwa ya mishipa ya moyo hupanda kwa asilimia 7.4 kwa kila grei moja ya wastani wa dozi ya moyo. Hatari hiyo ilianza kuonekana ndani ya miaka 5 ya kwanza na kuendelea kwa angalau miaka 20. Hakukuwa na kiwango cha chini ambacho mtu angeweza kusema: hapa ni salama kabisa.

Takwimu hiyo isimtishe mgonjwa akaikimbia tiba. Ni ongezeko juu ya hatari aliyokuwa nayo mtu tangu awali. Kwa mwenye moyo wenye afya hatari hiyo ya awali huwa ndogo, na ongezeko lake huwa dogo vilevile, ilhali mionzi inamkinga na saratani iliyo mlangoni. Ila inawapa wataalamu sababu nzuri ya kupigania kila grei wanayoweza kuiondoa, na silaha yao kubwa ni pumzi ya mgonjwa mwenyewe.

Vuta pumzi ndefu uijaze kifuani, kisha uibane. Mapafu yanatuna, mbavu zinasogea mbele, kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kinashuka, na moyo uliokaa juu ya kiwambo hicho unavutwa chini na nyuma. Kati ya titi na moyo sasa kuna pafu lililojaa hewa. Ile miale inayoambaa na kifua inapita bila kuukuta moyo pale ulipokuwa. Katika tafiti nyingi mbinu hii imepunguza wastani wa dozi ya moyo kwa karibu nusu, wakati mwingine zaidi. Mshipa unaopita mbele ya moyo upande wa kushoto, ulio karibu zaidi na mbavu na hivyo katika hatari zaidi, hunufaika sana.

Mgonjwa hutakiwa kuibana pumzi kwa sekunde 20 hivi, apumzike, kisha arudie mara kadhaa mpaka dozi ya siku ikamilike. Lakini kuibana hakutoshi. Lazima iwe pumzi ileile, kwa kina kilekile cha siku ya ramani. Vituo hutofautiana katika namna ya kuhakikisha hilo. Kuna kifaa cha kupulizia chenye kilango kinachojifunga hewa ikifika kiasi kilichowekwa. Kuna kijisanduku kinachowekwa juu ya tumbo au kidari, kikatazamwa na kamera. Kuna kamera za kusoma uso wa kifua, nyingine zikimwonyesha mgonjwa mwenyewe mstari unaopanda na kisanduku anachopaswa kuufikisha. Na kuna njia isiyohitaji kifaa chochote cha gharama: wataalamu hutazama alama za ngozi na mwanga wa leza kupitia kamera ya chumba, na mgonjwa hubana pumzi kwa hiari yake akisikia sauti yao. Jaribio la Uingereza lililolinganisha njia hii rahisi na ile ya kilango liliona kwamba zinakaribiana kwa usahihi wa mkao na kwa kuulinda moyo. Kwangu mimi hii ni mojawapo ya habari njema kuliko zote katika uwanja huu, maana inamaanisha kwamba kulinda moyo hakusubiri mashine mpya.

Kosa linalowapata wengi wanapojifunza ni kuinua mgongo badala ya kujaza kifua. Ukiambiwa "vuta pumzi", mwili hupenda kujipinda kama unasimama mbele ya kioo. Mgongo ukiachana na ubao, kifua kinapanda na kwenye kamera inaonekana kama pumzi imefika, kumbe mapafu hayajajaa na moyo haujashuka. Pumzi iende mbavuni, mgongo ubaki umelala. Inafaa kufanya mazoezi nyumbani siku kadhaa kabla, chali, mikono juu, bila haraka. Atakayebanwa na kikohozi au pumu au hofu ya kukosa hewa aseme tu. Wakati wowote anaweza kuachia pumzi na mionzi ikasimamishwa. Hakuna anayepimwa ushujaa pale.

Kulala kifudifudi, na kulala ubavu

Si kila titi linatulia mtu akilala chali. Likiwa kubwa, huanguka pembeni kuelekea kwapani na chini kuelekea tumboni, na ngozi hukunjamana. Mikunjo hiyo ina madhara ambayo hayaonekani kwa macho. Mionzi inayotumika kwa kawaida, ya nguvu ya megavolti 6, haitoi dozi yake kamili kwenye ngozi. Hujijenga kadiri inavyoingia na kufikia kilele chake kama sentimita 1.5 ndani. Hiyo ndiyo kinga ya ngozi. Lakini ngozi ikikunjwa juu ya ngozi, ile iliyo ndani ya mkunjo haiko juu tena. Inapata dozi kama nyama ya ndani. Ongeza joto, jasho na msuguano, na ndipo wengine huchubuka vibaya chini ya titi. Kwa ngozi nyeusi dalili ya mwanzo huwa ni kuiva na kuzidi weusi zaidi ya wekundu unaosemwa kwenye vipeperushi, kwa hiyo huchelewa kutambuliwa.

Suluhisho mojawapo ni kumgeuza mgonjwa. Hulala kifudifudi juu ya ubao maalumu wenye uwazi upande mmoja, na titi linalotibiwa huning'inia kupitia uwazi huo, mbali na mbavu. Mikunjo huondoka. Pafu hubaki nyuma, nje ya njia ya mionzi. Jaribio la Kanada lililotolewa mwaka 2022 kwa wanawake wenye matiti makubwa lilionyesha kwamba waliolala chali walichubuka hadi kutoa majimaji karibu 40 kati ya 100, na waliolala kifudifudi 27 kati ya 100. Tofauti hiyo ni watu waliolala usiku bila kidonda.

Na moyo je? Hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani kifudifudi ni bora kwa kila kitu. Mtu akigeuka, moyo nao huangukia mbele, ukakaribia ukuta wa kifua. Mwaka 2012 Silvia Formenti na wenzake huko New York walitoa matokeo ya wagonjwa 400 waliopigwa picha katika mikao yote miwili. Kwa waliokuwa na saratani ya titi la kushoto, kifudifudi kilipunguza sehemu ya moyo iliyoingia kwenye mionzi kwa wagonjwa 85 kati ya kila 100. Kwa 15 waliobaki, chali ndiyo ilikuwa salama zaidi. Nalisoma tokeo hilo hivi: hakuna mkao wa wote. Kuna titi hili, moyo huu, mgongo huu.

Kifudifudi kina ugumu wake. Tumbo kubwa, shingo inayouma, kovu bichi, hofu ya kufunikwa uso, yote hukwamisha. Mtu huyumba kwa urahisi zaidi, hivyo picha za kuhakikisha huhitajika zaidi. Kutibu tezi za kwapani na za juu ya mtulinga katika mkao huo ni vigumu kwenye mbao za kawaida. Huko Ghent, Ubelgiji, walibuni mkao wa mtu anayeogelea, mkono mmoja mbele na mwingine umelala ubavuni, ili njia ya kufikia tezi ifunguke. Taasisi ya Curie ya Paris nayo ina uzoefu wa kumlaza mgonjwa ubavu, titi likitandazwa juu ya kibao chembamba. Vituo vingi havina mikao hii, na mgonjwa asijisikie amepunjwa: chali iliyopangwa vizuri, pamoja na sidiria maalumu au kitegemeo cha kulishikilia titi, huwafaa wengi.

Ndani ya chumba, siku baada ya siku

Wahudumu husema jambo ambalo kwa mgeni linashangaza: "Mama, usijisogeze, tuachie sisi." Wanavuta shuka chini yako au kukusukuma kiunoni kwa vidole viwili. Ukijitahidi kuwasaidia, misuli inakaza na mwili unarudi ulikotoka mara ukichoka. Jifanye mzito. Huo ndio msaada wanaoutaka.

Wakishapanga alama na leza, hupiga picha. Hili ni la lazima kwa sababu nukta ya wino iko kwenye ngozi, na ngozi huteleza juu ya mbavu. Alama inaweza kuwa sawa huku mbavu ziko pembeni. Picha za eksirei, au za CT inayopigwa na linaki yenyewe, hulinganishwa na ramani, na kitanda husogezwa milimita zilizobaki. Mgonjwa huhisi kitanda kikitikisika kidogo baada ya watu kutoka chumbani, akadhani kimeharibika. Wanakirekebisha kutoka nje. Wanamwona na kumsikia muda wote.

Kifua huwa wazi wakati huo, na kwa wengi hilo ndilo zito kuliko mionzi. Kulala nusu uchi, mikono juu, mbele ya watu usiowafahamu, na kovu lako. Wapo wanaume pia wanaougua saratani hii, na nao hulala hivyohivyo. Kitambaa cha kujifunika mpaka dakika ya mwisho hakiharibu tiba hata kidogo, na upande usiotibiwa mara nyingi unaweza kubaki umefunikwa. Mgonjwa anaweza kuuliza ni nani watakaokuwepo, na kuomba wasio na kazi watoke. Mtu aliyeaibika hujikunyata, na mwili uliojikunyata haufanani na ramani. Staha, hapa, ni sehemu ya usahihi.

Yapo mambo ya kuwaambia wahudumu kabla ya kupanda kitandani, maana kamera haitayaona yote: titi limevimba au limeanza kujaa majimaji upya, uzito umeshuka au kupanda, mkono umeanza kuvimba, bega limeamka na maumivu, kikohozi kimeanza, alama imefutika bafuni. Mengine yatarekebishwa kwa kusogeza mto. Mengine yatahitaji picha mpya za CT na ramani mpya, na hilo likitokea lisichukuliwe kuwa tiba imeharibika. Maana yake ni kwamba kuna mtu aliyetazama akaona mwili umebadilika.

Na kikao kikiisha, usishushe mikono yote kwa mkupuo. Kiwiko kwanza, taratibu, mkono mwingine ukikisaidia. Subiri kitanda kishushwe mpaka chini ndipo uinuke, kwa kuwa kilikuwa kimepandishwa juu kuliko ulivyokikuta.